Mwongoza ndege wa simuleta kanishusha mpaka futi 9,000 Meru ikiwa mbele yangu. Kosa la nani?

#1 Chalii wa Sakina
Wakuu, habari za jioni.

Jana usiku nilikuwa natoka Nairobi, JKIA, kuja KIA (uwanja wa Kilimanjaro) na ndege ya ATR 72 ndani ya Microsoft Flight Simulator, ile simuleta ya kurusha ndege kwenye kompyuta. Hali ya hewa nimeweka ile ya sasa hivi, mawingu kibao. Mpango wa safari niliwasilisha wa kuruka kwa vyombo (IFR), kila kitu halali. Nimepita mashariki kidogo ya Namanga niko futi 16,000, Kilimanjaro iko kushoto, Meru iko kulia, raha mustarehe.

Mwongoza ndege akaniambia nitegemee ranwei 09 (yaani kutua ukielekea mashariki), nigeuke kulia uelekeo wa nyuzi 230 (kusini magharibi), nishuke mpaka 9,000. Nikatii. Nje weupe mtupu, hata ncha ya bawa sioni. Nimeshafika 9,000 na nimetulia, ile sauti ya ndani ya ndege ikaanza kunionya kuhusu ardhi, mara ikaniamuru nivute juu. Nikavuta. Skrini ikawa nyeusi. Kwenye ramani niko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, tumboni mwa Meru.

Naomba mnisaidie: kama mwongozaji ndiye kanipa uelekeo na ndiye kanipa kimo, suala la mlima si lake? Na kwenye ndege za kweli inakuwaje? Nauliza kwa sababu mdogo wangu ananicheka toka jana, anasema nililala kwenye usukani.

#2 Tengeru Kwetu
Pole kwa abiria wote. Wewe hatukupi pole mpaka utupie picha.

#3 Kipanga wa Kibosho
Mdogo wako ana akili, mpe soda.

Wewe ndiye rubani. Chati ya anga ulifungua? Unaishi Sakina, ule mlima unauona ukifungua dirisha la chooni, halafu unaambiwa ushuke 9,000 ukiwa kaskazini mashariki yake na unaitikia tu "sawa"? Meru ni mita 4,566, karibu futi 14,980. Mtu akikwambia shuka 9,000 unamwambia siwezi, kuna mlima. Biashara imeisha.

#4 Fundi Rada
Kipanga usimkaripie mwenzio, tuone kwanza ile 9,000 ilitoka wapi.

KIA iko futi 2,932 kutoka usawa wa bahari. Mteremko wa kawaida wa kutua ni nyuzi 3, ambao ni kama futi 300 kwa kila maili moja ya baharini. Kwa hiyo ukiwa maili 20 kutoka ranwei unatakiwa uwe futi 6,000 juu ya uwanja. Jumlisha na 2,932. Unapata 8,932. Ndiyo hiyo 9,000 yako.

Sasa chukua ramani. Mstari wa ranwei 09 ukiurefusha kwenda magharibi unapita kusini ya kilele cha Meru, kama kilomita 20 hivi. Na kilele, ukipima kwenda magharibi tu, kiko karibu maili 19 kutoka uwanja. Yaani mtu yeyote anayekutoa kaskazini ili ukamate mstari wa 09 ukiwa maili 20 nje, njia yake inakatiza juu ya Meru. Juu kama una kimo. Kama huna, ndani.

Maoni yangu: yule mwongozaji wa simuleta hajui kama kuna mlima. Anajua kimo cha uwanja, umbali wako, na hesabu ya nyuzi 3. Kwa Dar hesabu hiyo haina shida yoyote. Kwetu huku inaua.

#5 Chalii wa Sakina
Fundi Rada shukrani, hii hesabu nimeielewa.

@Kipanga wa Kibosho dirisha la choo langu linaangalia barabara ya Namanga, kwa taarifa yako. Na kwa nini nimkatalie mtu ambaye kazi yake ni kuniongoza? Kama kila agizo lazima nilihakiki mwenyewe, yeye yupo kwa ajili gani?

#6 Dada Njiro
Wapendwa habari. Mimi najifunza uongozaji kwenye VATSIM, mtandao wa simuleta ambako waongozaji ni watu wa kweli, kitengo cha VATSSA kinachoshughulikia Afrika kusini mwa Sahara, kwa hiyo hili nimelisoma mpaka macho yakauma.

Swali la Chalii si la kijinga. Kwenye taratibu za ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga), ule waraka namba 4444, imeandikwa wazi kwamba kuzuia ndege isigonge ardhi SI miongoni mwa malengo ya uongozaji ndege. Rubani anabaki na jukumu la kuhakikisha kila ruhusa anayopewa ni salama. Hapo Kipanga yuko sahihi.

Ila kuna "isipokuwa", na ndiyo inayobeba kesi hii. Ndege ya IFR ikiwa inaongozwa kwa rada, yaani inapewa uelekeo na mwongozaji na kutolewa kwenye njia yake ya kawaida, mwongozaji lazima atoe maagizo yenye nafasi ya kutosha juu ya vizuizi mpaka rubani arudi kwenye njia yake mwenyewe. Ndiyo maana waongozaji wa rada wana ramani yenye vimo vya chini kabisa kwa kila kipande cha eneo lao. Hawashushi mtu chini ya hapo.

Chalii alipewa uelekeo 230. Hakuuchagua yeye. Kwa sheria za kweli mzigo ulishahamia kwa mwongozaji.

#7 Kipanga wa Kibosho
Dada Njiro nakuheshimu, lakini unatumia sheria za binadamu kwa programu. Programu haina rada, haina leseni, haina ramani ya vimo. Ukitaka sheria soma na Kiambatisho cha 2 cha hao hao ICAO: ukiruka kwa vyombo unakaa angalau futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote ndani ya kilomita 8 kutoka ulipo, na milimani futi 2,000. Meru 14,980 jumlisha 2,000 ni karibu 17,000. Jamaa alikuwa 16,000 HATA KABLA hajaambiwa ashuke. Kama angekuwa ameanza kukatiza juu ya mlima, tayari yuko chini ya kiwango.

#8 Dada Njiro
Alikuwa bado katikati ya milima miwili, si juu ya Meru. Mstari wa moja kwa moja JKIA mpaka KIA unapita kati ya Meru na Kibo, kila mmoja unauacha kama maili 18 pembeni. Kilomita 8 zako hazifiki kokote. Alipokuwa kwenye mstari alikuwa salama kabisa, hatari ilianza alipogeuzwa.

#9 Miguu ya Meru
Jamani mimi hizo simuleta sizijui, nimeletwa humu na kichwa cha habari. Kazi yangu ni kupandisha wageni Meru.

Nimepiga hesabu ya hizo futi nikacheka peke yangu. Kambi ya kwanza, Miriakamba, iko mita 2,514. Hiyo ni kama futi 8,250. Kambi ya pili, Saddle Hut, iko mita 3,570, kama futi 11,700. Kwa hiyo huyu bwana na ATR yake kapita juu ya Miriakamba kwa kama futi 750, na wageni waliolala Saddle Hut wangemwangalia kwa chini.

Halafu kingine. Meru upande wa mashariki haina ukuta. Mlima ulishabomoka upande huo zamani sana, imebaki kama kiatu cha farasi, mdomo wazi unaangalia Kilimanjaro. Ukitokea kaskazini mashariki unaingia kwa mlangoni kabisa, ardhi inapanda taratibu, halafu mbele yako kuna ukuta wa karibu mita 1,500 unaosimama wima mpaka kileleni. Ndiyo maana hakugonga mapema. Aliingia sebuleni.

#10 Chalii wa Sakina
😂😂 Aliingia sebuleni. Haya mkuu, asante. Nimerudi kuangalia, ni kweli niligonga ule ukuta wa ndani.

#11 Mangi wa Bomang'ombe
Nawakumbusha tu kwamba KIA ipo Hai, mkoa wa Kilimanjaro. Watu wa Arusha mnaongea kama uwanja ni wenu. Mwongozaji alikuwa anamrudisha Chalii kwao Arusha kwa heshima, yeye kakataa kutua.

#12 Tengeru Kwetu
Mangi na wewe uwanja si wako, ni wa Watanzania wote. Ila mizigo ya parachichi mnapakia nyie, hilo tunakubali.

#13 Mzee wa Dakota
Vijana, hamjambo. Kompyuta ni ya mjukuu wangu, nami naruhusiwa jioni.

Haya mambo ya kuamini sauti ya redio si ya leo. Mwezi Mei 1955 Dakota ya East African Airways iligonga Kibo ikitoka Nairobi kwenda Dar es Salaam, wakafa watu 20. Wakati huo KIA haipo, imefunguliwa 1971.

Lakini kisa ambacho kila anayeuliza "kosa la nani" anapaswa kukijua ni cha Marekani, tarehe 1 Desemba 1974. TWA namba 514, Boeing 727, inakwenda Washington, uwanja wa Dulles. Wako maili 44 kutoka uwanjani wakapewa ruhusa ya kukaribia kutua ranwei 12. Marubani wakasema moyoni: karuhusu, basi mbele hakuna kitu. Wakashuka mpaka 1,800, mawingu yamefunga. Wakakuta kilima cha Mount Weather. Watu wote 92 wakafa.

Mwongozaji akasema mimi nilitoa ruhusa tu, kimo ni chao. Marubani hawakuwepo tena kujibu. Sasa nyinyi endeleeni.

#14 Dada Njiro
Shikamoo mzee. Hicho kisa tumefundishwa. Na wachunguzi wenyewe hawakukubaliana, walipiga kura 3 kwa 2. Watatu wakasema kosa kubwa ni la marubani kushuka mapema, wawili wakatazama zaidi upande wa uongozaji na maneno yaliyotumika. Baada ya hapo utaratibu ukarekebishwa: rubani abaki kwenye kimo cha mwisho alichopewa mpaka aingie kwenye kipande cha njia kilichochorwa kwenye chati. Na vile vyombo vya kuonya kuhusu ardhi vikaanza kulazimishwa kwenye ndege za abiria kule Marekani.

Kwa hiyo Kipanga, kama wataalamu waliokaa na mabaki mezani walitoka 3 kwa 2, wewe ulimalizaje kesi kwenye posti ya tatu?

#15 Mawenzi Mashariki
Mzee shikamoo, marekebisho madogo. Ile Dakota ya 1955 ilikuwa inatoka Dar kwenda Nairobi, na iliangukia upande wa Mawenzi, si Kibo. Huo huo Mawenzi ndio uliopiga Cessna 206 Novemba 2008. Watalii wanne Waitaliano walifariki, rubani akatoka hai. Wao walikuwa wanauzungukia mlima kwa kuutazama, kwa hiyo hiyo haiingii kwenye mada ya kuongozwa.

#16 Mzee wa Dakota
Marahaba. Ni kweli, Dar kwenda Nairobi. Mjukuu naye kanisahihisha hapa hapa.

#17 Namba Hazidanganyi
Mnazunguka sana. Tatizo ni altimita, kile kipima kimo. Chalii alikuwa juu ya kimo cha mpito akiwa na 1013 (shinikizo la kawaida la hewa, kwa hektopaskali), akashuka bila kuweka QNH ya KIA, yaani shinikizo la hewa la hapo. Ukisahau hapo altimita inakuonyesha uko juu kumbe uko chini. Nimeona watu wengi wakifa hivyo.

#18 Fundi Rada
Hapana, na hapana mara mbili.

Kwanza inategemea QNH yenyewe. Kila hektopaskali moja ni kama futi 27 mpaka 30. Kama QNH ilikuwa 1018 na wewe umebaki na 1013, altimita inasoma CHINI kuliko ulipo, unakuwa salama zaidi kwa futi 140 hivi. Hatari ni pale QNH ikiwa ndogo kuliko 1013.

Pili joto. Kwetu hewa ni ya moto kuliko ile hewa ya kitabuni, na hewa ya moto inakufanya uwe juu ya kile altimita inachosema. Wanaolia ni wa nchi za baridi, wao ndio wanaongeza vimo wakati wa theluji.

Tatu, kutoka 9,000 mpaka kilele cha Meru ni futi karibu 6,000. Kupotea futi 6,000 kwa QNH ungehitaji kosa la hektopaskali mia mbili na zaidi. Altimita haimo kwenye kesi hii.

#19 Namba Hazidanganyi
Sawa kwa hiyo safari. Lakini wanaokufa kwa QNH wapo, hilo sifuti.

#20 Mwana Machame
Mimi nina mtazamo mwingine. Safari hiyo hiyo naifanya mara kwa mara, simuleta hiyo hiyo, na mimi huwa napelekwa vizuri tu. Tofauti ni kwamba kwenye mpango wa safari siweki "moja kwa moja". Nachagua kabisa njia ya kukaribia, ILS ya 09 (mawimbi ya redio yanayokuongoza mpaka ranwei), na sehemu ya kuanzia. Programu ikishakuwa na njia iliyochorwa inafuata vimo vya njia hiyo. Usipoipa njia inaanza kubuni uelekeo, na hapo ndipo inapobuni mpaka mlimani.

Chalii, uliweka nini kwenye mpango?

#21 Chalii wa Sakina
Niliweka moja kwa moja mpaka KIA, sehemu ya kukaribia nikaacha ichague yenyewe.

#22 Mwana Machame
Basi tumemaliza.

#23 Kisongo Kwanza
Hamjamaliza. Mimi niliweka ILS ya 09 kama unavyosema, natoka Nairobi hivyo hivyo. Njia ikachorwa vizuri, nikaona haina mlima. Mwongozaji akanipa vimo vya kushuka KABLA sijafika mwanzo wa njia. Yaani njia ni salama, ila yeye anataka niwe chini mapema. Nilipokataa akaanza kunikumbusha "shuka, shuka" kila baada ya dakika kama mwenye nyumba anayedai kodi. Nikamzima.

Kwa hiyo nadharia ya njia inasaidia pembeni, haisaidii kimo.

#24 Kipanga wa Kibosho
Kisongo amefanya kile ninachosema tangu jana. Alikataa. Yuko hai.

#25 Dada Njiro
Alikataa kwa sababu nje kulikuwa kweupe na mlima anauona, au kwa sababu alifungua chati? Kisongo tujibu.

#26 Kisongo Kwanza
Dada sitaki kesi. Nilikuwa nauona.

#27 Dada Njiro
Ahaa.

#28 Simba wa Yuda
Samahani natoka nje kidogo ya mada. Mnakumbuka ile Boeing 767 ya Ethiopian iliyotua Kisongo, uwanja mdogo wa Arusha, Desemba 2013? Ilikosea uwanja, ikadhani ni KIA. Hiyo nayo mwongozaji alisababisha?

#29 Mawenzi Mashariki
Haikuwa hivyo tu kwamba ilikosea. KIA ranwei ilikuwa imezibwa na ndege nyingine iliyoharibika, ikazungushwa angani, mwisho ikaishia kwenye uwanja wa Arusha ambao ranwei yake wakati huo ilikuwa mita 1,620. KIA ni mita 3,600. Ikapita mwisho wa lami ikaishia kwenye majani. Hakuna aliyeumia, abiria wakashushwa kwa ngazi za kuungaunga kwa sababu uwanja haukuwa na ngazi ya ndege ya ukubwa ule. Baadaye ikapunguzwa uzito ikaruka yenyewe. Mimi nilikwenda kuangalia, barabara ya Dodoma ilijaa watu, bodaboda walipandisha bei.

Nani aliongea nini kwenye redio siku ile, hilo watu wamelibishania hadi leo.

#30 Chalii wa Sakina
Hiyo 767 Kisongo nimejaribu kuiiga. Kushuka inashuka. Kusimama ndiyo kazi. Turudi kwenye mada jamani.

#31 Fundi Rada
Nina swali la kitaalamu kwa Dada Njiro. Kile kimo cha usalama kinachoandikwa kwenye chati za kutua, MSA, kinahesabiwa ndani ya maili 25 kutoka chombo cha redio cha uwanjani, sivyo? Nimepima: kilele cha Meru kiko kama maili 22 kutoka KIA kwa mstari ulionyooka, kiko ndani. Kibo iko kama maili 27. Iko nje! Kwa hiyo mtu akifuata MSA upande wa Kibo anaweza kujiona salama wakati mlima mrefu kuliko yote Afrika uko maili mbili nje ya mstari?

#32 Dada Njiro
Swali zuri. Taratibu za ICAO zinaongeza ukingo wa maili 5 nje ya ile 25. Kizuizi chochote kilichomo kwenye ukingo huo kinahesabiwa. Kibo ya maili 27 inaingia. Futi 19,341 ongeza 1,000 na zaidi, kwa hiyo pande hiyo unaongelea vimo vya 20,000 na kitu. Na kila kipande cha duara kina namba yake, usichukue namba ya kusini ukaitumia kaskazini. Kusini kwa KIA ni Simanjiro, tambarare, namba inakuwa ndogo mno. Wageni wengi wanaona namba moja ndogo kwenye chati, wanafurahi nayo.

Kingine: MSA ni ya dharura na ya kujihakiki. Haikupi ruhusa ya kushuka.

#33 Kipanga wa Kibosho
Kwa hiyo Chalii angetazama MSA ya upande wa Meru angekuta 16,000 au zaidi, akaambiwa ashuke 9,000. Futi 7,000 za tofauti. Dada unaendelea kusema mzigo ni wa mwongozaji?

#34 Dada Njiro
Kimo cha kuongozea kwa rada kinaweza kuwa CHINI ya MSA kihalali, kwa sababu mwongozaji anajua ndege ilipo sekunde hiyo, hahitaji kukinga duara zima. Ndiyo maana rubani wa kweli akipewa kimo chini ya MSA huku anaongozwa kwa rada hapigi kelele hapo hapo. Anauliza, anaangalia ramani ya ardhi kwenye skrini. Kumwambia Chalii "MSA ingekuokoa" ni nusu ya ukweli.

#35 Mangi wa Bomang'ombe
Kwani KIA kuna rada? Mimi naishi hapo jirani.

#36 Fundi Rada
Ipo. Kwa miaka mingi rada ya kuongozea ndege za kiraia ilikuwa Dar peke yake, kisha zikafungwa nne: Dar, KIA, Mwanza na Songwe. Kabla ya hapo upande wetu mwongozaji alitegemea rubani amtajie alipo na kimo chake, na kila mtu anafuata njia iliyochorwa. Kwa utaratibu ule wa zamani hakuna mtu angekupa uelekeo 230, angekuambia uje mpaka kwenye chombo cha uwanjani ukiwa juu, uzunguke hapo hapo juu ya uwanja huku unashuka, ndipo utoke kwenda kukamata mstari. Unachelewa, lakini huingii sebuleni kwa mtu.

#37 Miguu ya Meru
Naona sebule imependwa.

#38 Bawa la Chuma
Nimesoma toka mwanzo, wote mmeacha kitu kimoja. MUDA. Programu ilitoa agizo la kugeuka, Chalii akachelewa kuitikia. Mimi najua kwa sababu nami nabonyeza kitufe cha kuitikia nikiwa nimeshachelewa. Ile inasubiri uitikie, haihesabu upya. Agizo lililotolewa ukiwa maili 35 unaanza kulifuata ukiwa maili 26. Uelekeo ule ule 230 ukianza mapema unapita kwingine kabisa.

#39 Chalii wa Sakina
Nilichelewa kidogo, nilikuwa nachukua chai. Lakini Bawa, ningegeuka mapema zaidi, nikiwa kaskazini zaidi, uelekeo 230 ungenipitisha kaskazini ya Meru, karibu na Longido. Nako kuna mlima.

#40 Bawa la Chuma
Longido ni mita 2,600 na ushee, kama futi 8,600. Kwa 9,000 ungepita.

#41 Kipanga wa Kibosho
Futi 400 juu ya kilele, ndani ya mawingu. Hongera. Chukua na bima.

#42 Lami Nyeusi
Mimi naona kisa ni mlima wenyewe. Maneno ya yule mwongozaji ni yale yale ya FSX, simuleta ya Microsoft ya 2006, hata mpangilio wa sentensi haujabadilika. Mwongozaji ni wa zamani, dunia ni mpya. Kwenye FSX mlima wangu wa Meru ulikuwa kilima cha duara, laini, hata ule mdomo wa mashariki huuoni vizuri. Sasa hivi ardhi ina kila korongo. Mwongozaji hajasasishwa.

#43 Fundi Rada
Mlima wa FSX ulikuwa laini, lakini haukuwa futi 9,000. Na kule nako watu waligonga sana, hiyo ni hoja ya upande wangu: hakuwahi kuangalia ardhi, si zamani si sasa.

#44 Lami Nyeusi
Au anaangalia ardhi ya uwanja wa ndege ulio karibu tu. Uwanja wa Arusha uko futi 4,550. Kama anaona "uwanja wa karibu 4,550, nimempa 9,000, ana nafasi 4,450", kwake ni safi.

#45 Fundi Rada
Hilo sikulifikiria. Sina cha kulipinga, ila sina cha kulithibitisha.

#46 Mwana Machame
Kwenye X-Plane 12, simuleta nyingine, mimi nimekutana na kinyume chake. Mwongozaji alinishikilia juu mpaka nafika KIA niko futi 17,000, nikalazimika kuzunguka kama tai. Sijagonga, ila abiria wangetapika.

#47 Dada Njiro
Kati ya hayo mawili nitawachukua wanaotapika.

Chalii, njoo VATSIM usiku ambao KIA au Dar kuna mtu wa kweli. Bure, unajisajili tu. Kama hakuna mwongozaji mtandaoni unakaa kwenye masafa ya redio ya 122.8 na kujitangaza mwenyewe, na hapo hakuna wa kumlaumu.

#48 Chalii wa Sakina
Nitakuja. Ila nina kibarua na intaneti ya hapa Sakina, saa mbili usiku inakuwa ya kusuasua. Nikikatika katikati ya mawingu mtasema tena nililala.

#49 Kipanga wa Kibosho
Tutasema.

Jumamosi mimi natoka Dodoma kuja KIA, nani anakuja? Tokeni kusini, hamtamwona Meru kabisa.

#50 Mawenzi Mashariki
Nipo. Ila ukitoka Dodoma kabla ya KIA kuna Lolkisale hapo kusini ya Arusha, usije ukasema ni tambarare yote. Saa ngapi?

#51 Kipanga wa Kibosho
Saa tatu usiku. Kila mtu awe na chati yake, sitoi ya kuazima.

#52 Simba wa Yuda
Naweza kuja na 767 nitue Kisongo?

#53 Kisongo Kwanza
Hapana.